Mzee wetu amedhoofika: maswali tunayoulizwa Tabora kuhusu kupima afya na mahitaji ya wazee

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwatembelea wazee majumbani, Isevya, Ng'ambo, Cheyo, Ipuli, na kwenye vijiji vya Uyui mpaka huko Igalula na Goweko kwenye njia ya reli. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa barazani, kwenye benchi la zahanati, na kwenye simu usiku mtoto wa mtu akiwa Dar es Salaam na mama yake yuko hapa. Nayajibu hapa vilevile ninavyoyajibu huko.

Sista, kupima mahitaji ya mzee ndiyo kufanya nini? Si walishampima presha na sukari?

Presha na sukari ni sehemu ndogo tu. Mzee anaweza kuwa na presha nzuri, sukari nzuri, malaria hana, na bado akawa anaisha taratibu kwa sababu meno ya kutafunia hana, choo kiko mbali, na mjukuu anayempikia anaondoka alfajiri kwenda shule. Cheti chake kitasomeka kwamba hana tatizo. Kupima mahitaji ni kuuliza mambo mengine: huyu mtu anaweza kufanya nini mwenyewe? Ameacha kufanya nini? Tangu lini? Kimemzuia nini? Na yeye mwenyewe anataka nini?

Hii si kazi mpya. Mwaka 1935, huko Uingereza, daktari mmoja anayeitwa Marjory Warren alikabidhiwa wodi zilizojaa wazee waliokuwa wamelazwa muda mrefu, wengi wao wakihesabiwa kuwa wa kungojea siku zao. Yeye akawapima mmoja mmoja, akawatenganisha kwa mahitaji yao, akawaamsha vitandani. Wengi walirudi kutembea, na wapo waliorudi makwao. Hakuwa na dawa ya ajabu. Alikataa tu kwamba uzee ni jina la ugonjwa.

Na mimi, neno linaloniumiza kuliko yote katika kazi hii ni "ni uzee tu". Mama alikuwa anakwenda kisimani mwezi uliopita na leo hawezi kuvuka uani, mnaniambia ni uzee? Uzee haumuangushi mtu kwa wiki tatu. Kuna kitu kimetokea, na kazi yetu ni kukitafuta.

Kwa hiyo kila aliyefikisha miaka 60 apimwe hivi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Hiyo inasaidia kwenye dirisha la matibabu, lakini udhaifu haufuati tarehe ya kuzaliwa. Namfahamu babu aliyevuka 80 ambaye bado anapanda kutazama mizinga yake ya nyuki, na namfahamu mama wa 66 ambaye kikombe cha uji kinamtetemeka mkononi. Wa kupimwa kwa haraka ni yule mama.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliweka alama tano za kumtambua mzee aliyedhoofika: amepungua uzito bila kukusudia, anajisikia kuchoka kila wakati, mshiko wa mkono umelegea, mwendo umekuwa wa polepole, na ameacha shughuli alizokuwa anazifanya. Akiwa na tatu au zaidi, huyo amedhoofika. Akiwa na moja au mbili, yuko njiani, na huyo ndiye wa kumkimbilia, kwa sababu aliye njiani anaweza kurudishwa.

Maana ya udhaifu huu ni kwamba akiba ya mwili imekwisha. Kijana akiharisha siku mbili anakunywa maji na kurudi shamba. Mzee aliyedhoofika akiharisha siku mbili anaweza asisimame tena kwa mwezi mzima.

Huku kwetu daktari wa wazee hatumpati. Nani atampima?

Wengi wanaweza, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa bure. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 uliotengenezwa kwa ajili ya vituo vya chini kabisa, zahanati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Unaangalia mambo sita: akili na kumbukumbu, kutembea, lishe, macho, masikio, na moyo, yaani huzuni na kukata tamaa. Havihitaji mashine. Mhudumu anaanza, tabibu au muuguzi anaendelea, na daktari anapelekewa lile linalohitaji daktari. Afisa ustawi wa jamii anaitwa mapema, msisubiri mpaka mambo yaharibike.

Na wewe unayekaa naye ni mpimaji wa kwanza. Mimi nikija natazama saa moja. Wewe umemwona miaka yote.

Ukifika nyumbani unaanzia wapi?

Kwa salamu, na siifanyi kwa haraka. Shikamoo, halafu hali ya nyumbani, halafu mvua, halafu mahindi na karanga. Wengine wanaona ninapoteza muda. Lakini wakati huo nimeshika mkono wa bibi na ninaupima mshiko wake. Ninasikiliza kama amenisikia mara ya kwanza au anatazama midomo yangu. Natazama kama anamkumbuka mjukuu kwa jina. Nikiambiwa karibu ndani, namwacha atangulie, nione anavyonyanyuka kwenye kigoda: ameegemea nini, amesukuma mara ngapi, ameshika ukuta au mlango.

Nitakueleza nyumba moja ya huko Uyui. Bibi alikuwa ameanguka mara tatu na familia ilitaka dawa ya mifupa. Niliomba anioneshe anavyokwenda msalani usiku. Akatoka kitandani, akavuka kizingiti kilichoinuka karibu kipimo cha shubiri, akakanyaga jiwe la kusagia lililokuwa limeachwa hapohapo, akashika kamba ya kuanikia nguo kama ndiyo mhimili wake. Kamba ile ilifungwa kwenye mti wa mwembe upande mmoja na upande wa pili kwenye kijiti kilichokwisha kuoza. Miguuni alivaa kandambili za mwanawe, zinazomzidi vidole viwili. Mchana nilimwona anavuka yote yale vizuri kabisa. Nikamuuliza usiku anatumia taa gani. Akasema, "Taa ya nini mwanangu, njia naijua." Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

Hakuna cheti cha maabara ambacho kingeniambia hayo. Ndiyo maana naomba sana mzee atembelewe kwake, hata mara moja. Natazama anapolala, maji yako umbali gani, kama moto wa kupikia uko chumba kimoja na kitanda, chungu cha jana kina nini, na dawa zinawekwa wapi. Nikiondoka ninajua zaidi kuliko angekuja kliniki mara tano.

Mnapimaje miguu bila mashine?

Kwa kiti na saa ya simu. Kiti imara, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo bila kushika popote. Akimaliza ndani ya sekunde 14 miguu bado ina nguvu. Akizidi hapo, au akishindwa, tunaendelea kuchunguza. Kipimo kingine: anatoka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Simama karibu naye wakati wote, mkono wako uwe tayari, na kama jana tu ameanguka au anasikia kizunguzungu usimpime hivi peke yako nyumbani.

Kipimo ambacho vituo vingi wanakiruka ni presha ya kusimama. Mzee alale dakika 5, apimwe, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hicho ndicho kinachomwangusha kila anapoinuka alfajiri. Mara nyingi chanzo ni dawa za presha zilizozidi, au kutokunywa maji. Mwombe mhudumu ampime hivyo. Ni haki yake, na ni kazi ya dakika chache.

Mama anasahau sana. Huko si kuzeeka kwa kawaida?

Kusahau miwani imewekwa wapi, halafu ukaikumbuka, ni kawaida. Kusahau miwani ni ya kazi gani, hapana. Mama aliyepika ugali miaka hamsini akisimama mbele ya sufuria inayochemka asijue kinachofuata, huyo anahitaji kupimwa. Vivyo hivyo akipotea kwenye njia ya sokoni aliyoizoea, au akiuliza swali moja mara sita kabla chai haijapoa.

Kwanza hakikisha anasikia na anaona. Wazee wengi walioitwa wasahaulifu hawakusikia walichoambiwa. Simama nyuma yake kidogo, upande mmoja, umbali wa mkono, mwambie azibe sikio la pili, mnong'oneze maneno manne mepesi ayarudie. Mara nyingine tatizo ni nta imeziba sikio, na inaondolewa kituoni siku hiyohiyo. Msichokonoe na njiti.

Halafu kumbukumbu: mpe maneno matatu, kama ua, mlango, mchele, ayarudie. Ongea naye mambo mengine, kisha muulize maneno yale. Naomba pia tuwe waangalifu na maswali tunayoyauliza. Kumuuliza bibi ambaye hakusoma leo ni tarehe ngapi, au kumwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, ni kumpima shule, si akili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kwa ajili ya wazee kama hao. Mojawapo ya maswali yake ni njiti za kiberiti, unampangia umbo naye anapanga lake kwa kuliiga. Hakihitaji kalamu wala kusoma. Mimi huuliza pia masika yaliyopita mlipanda nini, na mjukuu wa mwisho kazaliwa wakati gani wa mwaka, maembe au karanga. Anayejua msimu anajua wakati.

Juzi alikuwa mzima, leo anaongea na watu tusiowaona. Wanasema ni majini. Tufanyeje?

Mpelekeni kituo cha afya leo. Si kesho. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni dharura kama ilivyo homa kali kwa mtoto mchanga. Kwa mzee chanzo huwa mbali na kichwa: malaria, kichomi, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, sukari kushuka, choo kigumu cha siku nyingi, mkojo uliozuilika, au dawa mpya. Na msingoje homa. Mzee dhaifu anaweza kuwa na kichomi kikali na mwili wake ukawa wa baridi tu. Wapo wasiopiga kelele pia, wanalala tu na kusinzia kutwa nzima, na hao ndio tunaowapoteza, maana nyumba inasema "leo ametulia".

Ninalo deni katika hili. Nikiwa mgeni kazini, wodini nilikokuwa wakati huo aliletwa babu usiku, anarusha mikono, anatukana, anamwita marehemu kaka yake. Tukaandika ni uzee. Tukamfunga mikono kwenye kitanda kwa shuka ili asianguke. Asubuhi muuguzi mwenzangu mzoefu akamwekea mkono tumboni, chini ya kitovu. Kibofu kilikuwa kimejaa na kukaza kama ngoma. Mpira ulipopitishwa mkojo ulitoka mwingi, babu akalala usingizi wa kweli, na jioni aliamka akauliza redio yake iko wapi. Usiku mzima yule mtu alikuwa anatuambia anaumwa, kwa njia pekee aliyobaki nayo. Tangu siku hiyo sijamgusa mzee aliyechanganyikiwa bila kwanza kuuliza amekojoa lini.

Jirani wanamnong'ona mama kwa sababu ya macho mekundu. Hilo nalo ni la afya?

Ni la afya, na ni la uhai. Sote tunaoishi kanda hii tunajua vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ndiyo ushahidi. Nasema wazi: macho mekundu ya bibi ni moshi. Amekaa miaka hamsini mbele ya mafiga, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na kwenye vijiji vya tumbaku ameongezewa na moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Au ni vikope, ambapo kope zimegeuka ndani na zinalichoma jicho kila anapopepesa. Hilo linatibika kwa upasuaji mdogo. Au ni ukavu wa macho.

Na bibi anayetoka usiku akizunguka uani, anayeongea peke yake, anayemwita mtu kwa jina la aliyekufa, huyo ana ugonjwa wa kusahau au amechanganyikiwa kwa maradhi. Ni mgonjwa.

Kwa hiyo ninapompima mzee ninauliza kwa utulivu: unalala na nani? Kuna mtu amekutisha? Mlango unafungwa kwa ndani? Nikisikia mnong'ono wa namna hiyo siuachi kwenye daftari. Namwambia afisa ustawi wa jamii na mtendaji siku hiyohiyo, na kama kuna vitisho, polisi. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo. Msiseme ni maneno ya watu yatapita. Mpelekeni pia mama kliniki ya macho na mwelezeni jirani mlichoambiwa na daktari, kwa sauti, barazani, mbele za watu. Nimeona mnong'ono ukikatika kwa sababu tu binti alisema hadharani jina la ugonjwa wa mama yake.

Mzee hali chakula. Tunampikia, anasukuma sahani.

Angalieni mdomo kwanza. Fizi zina vidonda? Jino bovu linauma? Michembe na matobolwa, yale viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoyala maisha yake yote sasa ni mawe kwake. Tazama anavyomeza, akikohoa kila anapokunywa maji, mwambie tabibu. Ulizeni choo. Ulizeni huzuni pia, kwa maneno rahisi: wiki mbili hizi, moyo umekuwa mzito? Mambo uliyoyapenda bado yanakufurahisha? Mzee aliyefiwa na mwenzake anaweza kuacha kula miezi sita baadaye, wakati waombolezaji wote wameshasahau.

Uzito ukishuka kwa zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3 bila yeye kutaka, hilo halivumiliwi. Mizani hamna? Mkanda umeongezwa tundu? Kanga inazunguka mara ya ziada? Pete inadondoka? Mkono wa juu unaweza kupimwa kwa utepe kila mwezi mahali palepale na kuandikwa. Mgongo wake ukipinda urefu haupimiki sawasawa, kwa hiyo utepe wa mkononi una faida kuliko mahesabu ya urefu na uzito.

Chakula kiwe kidogo mara nyingi, na kiwe na nguvu. Uji mtupu wa mahindi unashibisha bila kujenga. Tia karanga zilizosagwa laini, maziwa, yai lililokorogwa ndani. Dagaa wa Kigoma wapo sokoni. Wasage wawe unga, utie kwenye mlenda, utelezi wa mlenda unamsaidia kumeza. Asali ni tamu na Tabora haikosi, ila kama ana kisukari itumike kwa kiasi atakachoambiwa. Na mkae naye anapokula. Mzee anayepelekewa sahani chumbani peke yake anakula nusu ya anachokula akiwa mkekani na wajukuu.

Anatumia dawa nyingi. Nije nazo zote?

Zote. Za hospitali, za duka la dawa, alizogawiwa na jirani, na mizizi iliyo kwenye chupa. Zitie kwenye mfuko mmoja uzimwage mezani. Hii ni dakika kumi zenye faida kuliko kipimo chochote.

Ninazozitafuta kwanza ni hizi. Diklofenaki, ile anayoinunua kwa ajili ya magoti: inaweza kutoboa tumbo, inaumiza figo, inapandisha presha, na mzee anaitumia miaka bila mtu kujua. Vidonge vya mafua vya kulewesha kama Piriton, ambavyo kwa mzee huleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa na mkojo kuzuilika. Diazepamu ya usingizi, rafiki wa kuanguka. Glibenklamidi ya kisukari, inayoweza kushusha sukari usiku kama hakula vizuri. Na dawa ileile yenye majina mawili kutoka maduka mawili, anazimeza zote. Usizikatize mwenyewe, zingine zikikatishwa ghafla zina madhara. Ila muulize tabibu kila moja ni ya nini na bado inahitajika kwa ajili gani. Mzee aliyepungua kilo kumi hapaswi kubaki na dozi ya presha aliyoanzishwa akiwa mnene bila kupimwa upya.

Kuhusu mizizi sikaripii. Nikikaripia, mara ya pili nitafichwa.

Haja inamtoka, na anaona aibu kusema.

Atasema ukimuuliza faragha na ukitangulia kumwambia kwamba wengi wanayo na mengi yanatibika. Babu anayeamka mara tano usiku na mkojo unaodondoka apimwe tezi dume. Mama apimwe mkojo na sukari. Na kuna wanaochelewa tu kufika: magoti hayamwezeshi kuchuchumaa na choo kiko mbali. Kiti kilichotobolewa katikati na ndoo chini yake, fundi seremala anakitengeneza, kimemrudishia heshima mama mmoja Ipuli kuliko dawa zote nilizomwandikia. Msimnyime maji ili asikojoe. Mnamletea maradhi mengine.

Aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, na nyonga, visigino na mkia vitazamwe kila siku kwenye mwanga. Doa jekundu lisiloondoka ukilibonyeza ni mwanzo wa kidonda.

Kwa nini mlituomba tutoke nje? Sisi ndio watoto wake.

Kwa sababu yapo mambo ambayo mzee hatayasema mbele yenu, hata mkiwa watoto wema. Atasema haumwi ili msihangaike, au ataficha maumivu ili msitumie fedha. Na wapo, nasema kwa masikitiko, wanaonyimwa chakula, wanaopigwa, wanaosainishwa karatasi za shamba. Nitazungumza na mzee peke yake, kisha na ninyi peke yenu, kisha wote pamoja. Utaratibu ni huohuo kwa kila nyumba, msijisikie mmehukumiwa.

Na mzee akiwa na akili zake, neno lake linasimama. Nilimuuliza babu mmoja anataka tumsaidie nini. Watoto walitaka apelekwe Dar es Salaam kwa vipimo. Yeye akasema, "Nataka kufika msikitini Ijumaa." Basi. Tukapanga kila kitu kwa ajili ya ile Ijumaa: mazoezi ya miguu, bakora yenye kimo chake, dawa ya maumivu iliyo salama, bajaji ya kumchukua. Ukimpa mzee dawa ishirini ambazo hazimsogezi kwenye jambo analolitaka, umemtibu nani?

Mimi ndiye ninayemuuguza, na nimechoka. Hilo nalo linapimwa?

Ndiyo, dada yangu, na ukweli ni kwamba mara nyingi mimi huja kwa ajili yako wewe. Anayeuguza ni binti au mkamwana, analima, anapika, analala robo ya usiku. Nitakuuliza unalala saa ngapi, mgongo unauma, nani anakupokea siku ukiumwa, na mara ya mwisho kutoka nyumbani kwa mambo yako ni lini. Ukiniambia umemfokea na ukalia baadaye, sitakushangaa. Tutaita kikao cha ndugu. Aliyeko mbali atume fedha ya msaidizi, aliye karibu ashike zamu ya Jumamosi. Tunaandika majina na siku, kwa sababu "tutasaidiana" isiyo na siku haijawahi kumgeuza mzee kitandani.

Wakati mwingine ni kinyume: bibi aliyedhoofika ndiye anayelea wajukuu wanne. Hapo mahitaji ya kupimwa ni ya nyumba nzima.

Matibabu ya mzee ni bure?

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, kwenye vituo vya umma. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mtendaji na ustawi wa jamii, ili atambuliwe na kupewa kitambulisho. Fanyeni sasa akiwa mzima. Nimewaona watu wakihangaikia barua ya mtendaji usiku mgonjwa akiwa kwenye bodaboda.

Mkishapima, tunabaki na nini mkononi?

Karatasi moja, kwa Kiswahili, imebandikwa ukutani pale penye kalenda. Ile ya bibi wa Uyui niliyemtaja ilikuwa hivi: kizingiti kikatwe, mjukuu mkubwa, kabla ya Jumapili. Jiwe la kusagia lihamishwe leo. Kamba iondolewe, ipigwe fito ya kushikia mpaka msalani. Viatu vya kumtosha, binti, mnada ujao. Macho, apelekwe kliniki ya macho, hospitali ya Kitete. Presha apimwe amesimama, dawa ya usiku iangaliwe na tabibu. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara tano, asubuhi na jioni, mjukuu wa kike ahesabu.

Kila mstari una jina la mtu. Mstari usio na jina ninaufuta, maana haufanyiki.

Tupime tena lini?

Kama ametulia, baada ya miezi 6. Akianguka, akilazwa, akifiwa, au akibadilishwa dawa, pimeni ndani ya wiki 2. Nilirudi kwa yule bibi kabla masika hayajaisha. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji. Alinipeleka mwenyewe kuiona ile fito, akanionesha mahali ilipoanza kulegea na akamtaja kwa jina mjukuu aliyeipigilia vibaya. Nikaandika jina hilo kwenye karatasi mpya.